Kabla Hujalala Chini ya Pikapu Yako ya Zamani

Pikapu ya zamani ina fadhila moja kubwa: inakubali kufunguliwa na mtu wa kawaida. Yangu ni Hilux ya 1994, injini aina ya 3L (hilo ni jina lake, si lita), dizeli isiyo na tabo (turbo), na imepanda na kushuka kati ya Korogwe, Mombo na Lushoto hadi nimeacha kuhesabu. Karibu kila kitu chake nimekishika kwa mikono yangu, na vingine nimeviharibu kwa mikono hiyohiyo. Mimi si fundi. Fundi akiona nimekosea hapa anisahihishe, ila yaliyomo nimeyalipia.

Kwanza ujue gari lako ni lipi. Usiniambie "Hilux ya zamani" halafu uende dukani. Fungua boneti, soma kibati, angalia namba ya injini. 2L, 3L na 5L ni ndugu wa tumbo moja, na kwa nje utazichanganya, lakini kipenyo cha silinda ni milimita 92 kwa 2L, 96 kwa 3L na 99.5 kwa 5L. Hedi gasketi (ile ya kuziba kati ya hedi, yaani kichwa cha injini, na silinda) ya moja ukiifunga kwenye nyingine umejitafutia msiba. Muuzaji atakuambia "inaingia hiyo, chukua". Yeye anauza. Nenda na kipuri cha zamani mkononi, kikiwa kichafu hivyohivyo, ulinganishe matundu, meno na urefu pale kaunta kabla hujatoa hela.

Vifaa: ringi spana za 10, 12, 14, 17 na 19, boksi zake, bisibisi mbili nzuri, koleo, brashi ya waya na mafuta ya kulainisha kutu. Spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, iache nyumbani kwa kazi za bomba, maana ndiyo inayokula vichwa vya bolti. Bolti yenye kutu ipake mafuta jana yake, si dakika tano kabla ya kuivuta kwa hasira.

Betri: toa waya wa hasi kwanza, urudishe mwisho. Basi.

Jeki hapo ndipo watu wanapofia, kwa hiyo nisikilize. Jeki ni ya kunyanyulia. Kushikilia gari wakati wewe uko chini ni kazi ya stendi, ile miguu ya chuma, na kama huna stendi usiingie. Mawe yaliyopangwa si stendi, tofali la bloku ndiyo kabisa, linapasuka bila kuaga. Sakafu iwe ngumu. Mchanga na udongo uliolowa jana vinameza jeki polepole ukiwa umelala unaangalia difu, lile bakuli la gia katikati ya ekseli ya nyuma. Na wengi hawajui hili: handibreki inashika matairi ya nyuma tu. Ukinyanyua nyuma yote, haishiki kitu. Usijidanganye pia kwamba umeliacha kwenye gia, kwa sababu tairi moja la nyuma likiwa hewani difu inaliruhusu lizunguke, na gari linaweza kuondoka na gia yake ndani. Weka vigingi kwenye matairi yaliyobaki chini, mbele na nyuma ya tairi. Tairi la akiba lilaze chini ya chesisi. Likitokea la kutokea, liangukie hilo kwanza.

Mafuta ya difu na giaboksi: legeza bolti ya juu, ya kujazia, kabla hujagusa ile ya chini ya kumwagia. Jirani yangu alimwaga kwanza, akakuta ya juu imeshikana na kutu haitoki kwa spana wala kwa nyundo. Gari likakaa siku tatu bila mafuta ya difu, kuku wakataga chini yake.

Mafuta ya breki ni mafuta ya breki. Yale mekundu ya usukani yakiingia kwenye masta silinda (pampu ya breki), mipira yote inavimba, na hapo utabadilisha kila kitu hadi magurudumuni. Chupa iliyokaa wazi kwenye rafu tangu mwaka juzi itupe, imeshanywa unyevu.

Mkanda wa taiming, ule unaozifanya valvu zifunguke kwa wakati wake, kama hujui ulibadilishwa lini, hesabu haukubadilishwa. Kwenye injini hizi kuna taa ya T-BELT pale dashibodi inayokuja kila kilomita 100,000, lakini aliyekuuzia anaweza kuwa aliizima taa akauacha mkanda. Ukikatika njiani, valvu na pistoni zinakutana, na hazina haja ya kukutana. Ukiubadilisha, andika tarehe na kilomita kwa rangi mahali utakapopaona.

Sasa maji. Hapa nitakaa kidogo.

Jumamosi moja jioni nilibadilisha mpira wa juu wa rejeta. Kazi ya nusu saa, hata mtoto anaiweza. Mpira ulikuwa mpya, mzuri, lakini bendi za kukazia nikarudisha zilezile za zamani, kwa sababu zilikuwepo na duka lilikuwa mbali. Moja meno yake yalikuwa yamechoka; nikizungusha bisibisi inakaza, halafu inateleza kidogo. Nikasema itashika. Nikajaza maji, nikawasha injini dakika mbili, nikafunga mfuniko, nikaenda kuoga.

Asubuhi yake tukapakia mifuko 15 ya saruji, mimi na mpwa wangu, tukaelekea Lushoto. Anayeijua barabara ile anajua: Mombo ni joto la tambarare, halafu unaanza kupanda kwenda Soni, kona juu ya kona, korongo upande mmoja, na hewa inabadilika hadi unafunga kioo. Ilikuwa Julai. Tukiwa katikati ya mlima mshale wa joto ukapanda kidogo, juu ya pale ulipozoea kukaa. Nikapunguza mwendo. Baada ya muda mshale ukashuka. Ukashuka vizuri, ukapita hata pale pa kawaida, ukalala chini kabisa. Nikafurahi. Nikamwambia kijana, unaona, baridi ya huku inatusaidia.

Yeye alikuwa amefungua hita apashe miguu. Akaweka mkono kwenye tundu, akautoa, akauweka tena. "Mjomba, hita yako inapuliza baridi."

Nikamjibu hili ni gari la mwaka 94, ashukuru hata inapuliza.

Mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa ameshanipa ugonjwa na vipimo vyake, nami nikamkejeli. Hita ya gari inapata joto kutoka kwenye maji ya injini. Ikianza kupuliza baridi wakati injini ina moto, maana yake hakuna maji yanayofika kule. Na ule mshale wangu uliolala haukuwa unasema injini imepoa. Sensa inapima maji. Ikiwa ndani ya maji inasema kweli. Maji yakiondoka inabaki kwenye hewa tupu, mshale unashuka, na chuma kinaendelea kuungua. Mshale ukishuka ghafla mlimani, na mzigo mgongoni, hofu yako iwe mara mbili ya ile ya mshale uliopanda.

Gari likaanza kukosa nguvu, likatoa mlio wa kama kokoto kwenye debe, likazimika kabla ya Soni. Nikafungua boneti. Bendi ilikuwa imeteleza, mpira umetoka nusu, rejeta kavu. Hadi hapo pengine nilikuwa bado na injini. Nikaimaliza mwenyewe: nilimtuma kijana maji, akaja na ndoo ya maji ya mtoni, ya baridi ya milimani, nami sikusubiri. Nikayamimina. Injini ikalia tsss, kama sufuria la moto linapotumbukizwa kwenye karai, mvuke ukanifunika uso.

Ikavutwa hadi Korogwe. Fundi alipotoa hedi akaifuta kwa kitambaa, akaipaka petroli, akasubiri ikauke, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi: ufa mwembamba kama unywele, kati ya valvu mbili za silinda ya tatu. "Mzee, hii haina gundi." Hedi ya mtumba, gasketi, maji, mafuta, kuchonga, ufundi. Mahindi yangu ya msimu ule yaliishia humo, na saruji ya watu ilipanda mlima kwa gari la mwingine kwa gharama yangu.

Basi ukigusa mfumo wa maji, hata kwa mpira mmoja, fanya hivi. Bendi ziwe mpya, hazina bei ya kukufilisi. Liegeshe gari pua ikiangalia juu kidogo, jaza maji injini ikiwa baridi, peleka swichi ya hita kwenye joto, uwashe injini mfuniko ukiwa wazi. Usihesabu dakika. Thamostati, ule mlango mdogo unaozuia maji mpaka yapate moto, imefunga, na nyuma yake kuna hewa imejificha. Mpaka ifunguke, kiasi unachokiona mdomoni mwa rejeta ni cha uongo. Subiri mpira wa juu uwe wa moto, uuminyeminye kwa kitambaa, utaona mapovu yanatoka na maji yanashuka. Ongeza. Yakiacha kushuka, funga. Zunguka mtaani bila mzigo, rudi, tafuta tone. Kesho yake asubuhi, likiwa baridi kabisa, fungua uangalie tena. Ndipo upande mlima.

Likichemsha, zima, fungua boneti, kaa mbali. Nusu saa ni kidogo, saa nzima ni sawa. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa gunia; kuna watu wana makovu ya kifuani kwa ajili hiyo. Na atakayekushauri uitoe thamostati uitupe kwa sababu "nchi yetu ya joto", msikilize kwa adabu halafu uifunge mpya. Bila hiyo injini haifiki joto lake na inakula mafuta. Maji ya kisima nayo yana chumvi, yanajenga magamba ndani ya vijia vya rejeta. Weka kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, ukikosa tumia maji ya mvua yaliyochujwa.

Nimerefusha. Hayo mengine ni ya haraka. Ukiongeza majani ya springi ili ubebe zaidi, kumbuka kuna valvu ya breki kule nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa fimbo. Nyuma ikiinuka, valvu inadhani gari ni tupu na inapunguza nguvu ya breki za nyuma, nawe una tani mgongoni. Mwambie fundi airekebishe, na kama anakushangaa, tafuta fundi mwingine. Ukibadilisha filta ya dizeli, toa hewa kwa ile pampu ya mkono juu yake kabla hujaua betri kwa kupiga stata. Nati za matairi zikazwe kwa mkingamo, na zirudiwe baada ya kilomita hamsini. Bolti za hedi zina mpangilio na kipimo chake cha kukaza. Kama huna spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, usizishike.

Piga picha kabla ya kufungua, maana waya mbili zinazofanana asubuhi hazifanani tena jioni. Bolti za kila kitu ziweke kwenye kopo lake. Vua pete, vua saa, funga kanga vizuri kama ni wewe mama unayefanya kazi hii, feni haichagui. Nyumbani pawe na mtu anayejua uko chini ya gari, watoto wasichezee ndani ya kabini. Giza likiingia acha, funika, rudi kesho. Na siku uliyofunga kitu kikubwa usimwazime mtu hilo gari, hata awe shemeji, hata awe na msiba Handeni, mtafutie nauli.