Kuhamisha kaseti za zamani kwenye kompyuta: kazi iko kabla ya kurekodi

Kaseti za kaswida, harusi au ngoma zilizokaa kabatini miaka mingi Mikindani au Lindi mjini zimekula unyevu wa bahari. Kurekodi ni kubonyeza kitufe na kusubiri. Kinachochosha watu ni maandalizi.

Chungulia kwanza kwenye kidirisha. Unga mweupe kwenye kingo za mkanda ni ukungu. Ukiitia kaseti hiyo kwenye redio, zote zitakazofuata zitaambukizwa. Vaa barakoa, iache kaseti siku kadhaa kivulini penye upepo, kisha izungushe kwa kalamu huku kitambaa laini kikavu kikigusa mkanda. Usianike juani, plastiki itapinda. Kiangazi, Juni hadi Oktoba, ndicho wakati wake. Masika hakuna kinachokauka.

Vunja vile vidude viwili vya plastiki vya mgongoni mwa kaseti usije ukafuta sauti kwa bahati mbaya. Peleka mkanda hadi mwisho na uurudishe, maana uliolala muda mrefu hushikana.

Kichwa cha redio, kile kipande cha chuma kinachogusa mkanda, kifute kwa pamba ya masikio na alkoholi ya asilimia 90 au zaidi, hadi pamba itoke bila rangi ya kahawia. Spiriti ya vidonda yenye mafuta huacha utando.

Sasa subira. Pembeni mwa kichwa kuna skrubu ndogo inayokiinamisha. Kaseti iliyorekodiwa kwenye mashine nyingine mara nyingi husikika kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, na wengi hukimbilia kuongeza trebo (sauti nyembamba), ambayo huongeza tu mvumo, ile "shhh" ya mkanda. Washa mono (sauti ya kushoto na ya kulia ziwe moja), cheza sehemu yenye kayamba au herufi "s" nyingi, zungusha skrubu kidogo sana, sikiliza, rudi nyuma, sikiliza tena. Kuna mahali sauti inafunguka ghafla, hapo acha. Kaseti nyingine, skrubu upya, hata kama ni ya mwenyewe yuleyule.

Tundu la maiki la laptop nyingi hupokea mono tu, hivyo tafuta kadi ya sauti ya USB yenye laini ya kuingizia stereo. Laptop itumie betri: chaja huweza kuleta mngurumo wa umeme. Kwenye Audacity, programu ya kurekodi sauti, weka 48 kHz na biti 24, cheza sehemu yenye kelele kuliko zote, kisha shusha sauti hadi kilele kiwe karibu na -6 dB. Ikigusa 0 imekatika, na hakuna programu ya kuirudisha ilivyokuwa.

Saa moja ya WAV, faili la sauti lisilobanwa, ni takriban GB 1, kwa hiyo kaseti ya dakika 90 inataka GB 1.5. MP3 ni ya kutuma WhatsApp. WAV itunze sehemu mbili. Kupunguza mvumo fanya kwenye nakala, kidogo tu, la sivyo zumari litasikika kama limo ndani ya ndoo.

Kaseti yenyewe usiitupe. Ihifadhi wima kwenye kopo linalofunga vizuri, mbali na spika.