Kuchangia programu huria bila pesa kupotea njiani

Kwanza jua nani hasa anapokea. Debian, mfumo endeshi wa kompyuta ambao msimbo wake uko wazi kwa wote, si shirika lililosajiliwa. Michango yake hupitia mashirika kama Software in the Public Interest, linalopokea kwa niaba ya miradi mingi, kwa hiyo taja jina la mradi unapojaza fomu. Wengi hukosea kwenye Firefox: mchango kwa Mozilla Foundation haulipii utengenezaji wa kivinjari hicho, kwani kazi hiyo ni ya kampuni yake tanzu, Mozilla Corporation. Ukitaka kutetea faragha na uhuru wa kusema mtandaoni, EFF (Electronic Frontier Foundation), iliyoanzishwa 1990, inafaa sana. Mashirika ya hisani ya Marekani kama hilo huweka wazi Fomu 990, taarifa ya kila mwaka kwa mamlaka ya kodi. Soma humo mapato, mishahara na matumizi.

Makato ya kadi mara nyingi huwa asilimia pamoja na kiasi maalumu kwa kila muamala. Ndiyo maana ukitoa dola 24 mara moja kwa mwaka, kinachoufikia mradi ni kikubwa kuliko ukitoa dola 2 kila mwezi. Kiasi kikiwa kikubwa, toa kila mwezi: miradi inahitaji mapato ya kutegemewa ili kuajiri.

Andika anwani ya tovuti mwenyewe, usibofye kiungo cha barua pepe. Kadi ikiisha muda, mchango hukatika kimyakimya, isasishe mapema.