Kufundisha watoto wa Jinja habari za bahari ambayo hawajawahi kuiona

Watu huniuliza naanzia wapi, maana Uganda hatuna bahari na watoto wangu wengi hata Mombasa hawajafika. Mwanzoni nilikosea, nilibandika picha ya nyangumi ukutani nikaanza kuhubiri weee, mtoto mmoja akaniuliza, "Ticha, huyo kilo anauzwa ngapi?" Somo likaishia hapo. Siku hizi nafanya hivi, Jumamosi asubuhi, watoto kama kumi, miaka 7 mpaka 12.

Hatua ya 1: anza na sahani. Waulize jana walikula nini, utasikia mukene (watu wa pwani mnaita dagaa), ngege (sato), mputa (sangara). Kata kijiti cha sentimita 50, nendeni mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, mkapime mputa. Sheria yetu inakataza kuvua wa chini ya hapo, wadogo waachwe wakue wazae. Lakini ongea na wavuvi kwanza, wakiona kijiti tu wanadhani umetumwa na serikali.

Hatua ya 2: chora mto Nile kwa chaki sakafuni. Ziwa Victoria, hapa Jinja, Kyoga, Albert, Sudan Kusini, Sudan, Misri, halafu Mediterania, ni maelfu ya kilomita. Kila mtoto asimame pake, wapitishiane kikombe cha maji mpaka wa mwisho amwage "baharini". Hapo lazima mjanja mmoja aulize, si bwawa la umeme litazuia takataka? Usimdanganye. Ni kweli, Nalubaale iko hapahapa mjini, mbele kuna Bujagali, kule Misri kuna Aswan, kwa hiyo chupa nyingi hazifiki popote, zinabaki kwetu zinakatikakatika vipande vidogo ambavyo samaki anameza. Mwaka 2016 watafiti walichapisha kwamba waliponunua sangara (ndio mputa wetu) na ngege soko la Mwanza, Tanzania, kama mmoja kati ya watano alikuwa na plastiki tumboni. Ziwa ni lilelile. Nikisema hivyo wanakaa kimya kuliko ile siku ya nyangumi.

Hatua ya 3, hii wanaipenda sana: raba bendi. Ipitishe kwenye kidole kidogo, izungushe nyuma ya mkono, inase kwenye gumba. Sasa mtoto aitoe bila kutumia mkono wa pili, bila meno, bila kujisugua kwa nguo. Watahangaika na kucheka, halafu waambie kasa akinaswa na wavu uliotupwa hana hata huo mkono wa pili.

Hatua ya 4: beseni la maji na kavera (mfuko wa plastiki) nyeupe. Ikate, iache ielee, itikise kidogo. Kasa wanakula yavuyavu, wale viumbe laini wa baharini kama jeli (jellyfish), na kavera majini inafanana nayo kabisa. Mtoto akiona mwenyewe huna haja ya kueleza sana.

Hatua ya 5: kuokota taka ufukweni. Glovu kwa kila mtoto, chupa zilizovunjika na sindano waokote watu wazima, na asiingie mtu majini kwa sababu ya kichocho. Nusu saa inatosha, wakichoka wanaanza kurushiana.

Yule wa nyangumi? Sasa ndiye mbeba kijiti, na wauza samaki wanamkimbia.