Kabla Hujaambiwa "Uvimbe Umetoka Wote"

Picha za MRI, yaani za mashine ya sumaku, za kabla ya upasuaji wa uvimbe wa ubongo zitunzwe kwenye diski, si karatasi ya ripoti peke yake, kwa sababu kilichobaki hakipimiki pasipo kulinganishwa na kilichokuwapo. Figo zipimwe mapema, maana ndizo zinazotoa mwilini gadolini, dawa inayodungwa mshipani ili uvimbe ung'ae. Chuma chochote kilichomo mwilini kitajwe, kwa sababu ya sumaku hiyo.

Linalofuata ndilo lililotugharimu. MRI ya baada ya upasuaji ipangwe, ilipiwe na ipatiwe kibali cha bima kabla mgonjwa hajaingia chumba cha upasuaji, ili ipigwe ndani ya saa 48, na ikishindikana kabisa isivuke 72. Mdogo wangu alipopasuliwa glioblastoma, saratani kali ya ubongo, daktari alitoka na kofia yake ya kitambaa kichwani akatuambia kwamba, kwa alivyoona, umetoka wote. Hakutudanganya, kingo za uvimbe wa aina hiyo hufanana mno na ubongo wenyewe, hata chini ya hadubini. Tukashukuru, tukaenda kununua uji. Kibali cha bima kilipatikana wiki ya tano, na picha ikaonyesha utepe mweupe kuzunguka pengo, mwembamba kwa mbele, mnene kama punje ya mahindi kwa nyuma, naye mtaalamu wa radiolojia akaandika kwamba hawezi kutofautisha mabaki na kovu. Kumbe siku chache tu baada ya upasuaji jeraha nalo huanza kung'aa kwa dawa ileile! Tiba ya mionzi ikaanza pasipo yeyote kujua kilichobaki, na kila picha iliyofuata ikakosa ya mwanzo ya kulinganishwa nayo.

Hata ikipigwa kwa wakati, isiwe picha ya dawa pekee: damu iliyovuja kwenye jeraha inaweza kuwa nyeupe kabla dawa haijadungwa, hivyo zitakiwe zote mbili, ya kabla ya dawa na ya baada yake, pamoja na ile inayoonyesha sehemu zilizokosa damu, kwani hizo nazo hung'aa baadaye na kudhaniwa uvimbe umerudi. Glioma za daraja la chini, uvimbe wa ubongo unaokua polepole, mara nyingi hazing'ai kwa dawa, nazo hutazamwa kwenye picha za FLAIR, aina ya MRI isiyotegemea dawa hiyo. Kwa meninjioma, uvimbe wa utando unaofunika ubongo, iombwe ripoti ya mpasuaji yenye daraja la Simpson, kipimo cha tangu 1957 cha kiasi kilichotolewa, kinachohesabu pia utando na mfupa ulioguswa.

Ukitajiwa asilimia, uliza ujazo. Asilimia 95 ya uvimbe wa sentimita za ujazo 60 huacha 3. Ya uvimbe wa 10 huacha nusu sentimita ya ujazo tu.

Diski itolewe nakala, isiachwe ndani ya gari juani, na anayeingia kuonana na daktari asiingie peke yake wala bila kalamu.