Jinsi ya kuwakutanisha wasiopikika chungu kimoja

Mkutano wa kwanza niliousimamia ulivunjika kwa kosa langu mwenyewe. Nilipanga viti safu kwa safu vikitazama jukwaa, nikampa msemaji wa kila kambi kipaza sauti, nikawauliza kama wanaunga mkono au wanapinga. Wakarushiana vijembe, wafuasi wakashangilia, kila mtu akarudi kwao amekaza kuliko alivyokuja. Nilikuwa nimeandaa mechi, nikaiita mazungumzo.

Siku hizi naanzia kwenye orodha ya waalikwa. Ukiacha mlango wazi kwa yeyote, watakuja wenye hasira na wenye nafasi. Chagua kwa bahati nasibu, kisha hakikisha umri, jinsia na maeneo wanakotoka yanalingana na jamii nzima. Ireland walifanya hivyo mwaka 2016: raia 99 na mwenyekiti mmoja, jaji, walikaa wikendi tano wakijadili utoaji mimba, suala ambalo wanasiasa walilikwepa kwa miaka. Walisikiliza madaktari, wanasheria na ushuhuda wa wanawake wenyewe. Mei 2018, asilimia 66.4 ya wapiga kura waliamua kukifuta kifungu cha katiba kilichozuia utoaji mimba.

Kabla ya siku yenyewe, ongea na kila mshiriki peke yake. Mimi huuliza: "Ni jambo gani likitokea humo ndani litakufanya usirudi tena?" Majibu yao ndiyo huwa kanuni za mkutano, na mtu haoni shida kufuata kanuni aliyoitunga mwenyewe.

Kaeni duara, watu sita hadi wanane, kambi zikiwa zimechanganyika. Usifungue kwa kuuliza msimamo. Uliza: "Ni nini kilikupata maishani hadi ukaamini hivyo?" Kila mmoja apewe dakika mbili bila kukatizwa. Baadaye, watu wakishatulia, uliza swali gumu zaidi: "Ndani ya msimamo wako, ni wapi wewe mwenyewe huna uhakika?" Wape muda. Kimya kitakuwa kirefu na utatamani kukijaza kwa maneno. Usikijaze.

Kuna kanuni moja siilegezi hata kidogo: kabla ya kumjibu mwenzako, rudia alichosema mpaka yeye mwenyewe akubali kwamba ndicho alichosema. Wengi hujaribu kupita na "nimekuelewa, lakini..." Hapo huwasimamisha. Hiyo "lakini" ingoje zamu yake.

Wakibishania takwimu, leta wataalamu waliokubaliwa na pande zote mbili. Wajibu maswali, kisha watoke.

Wala usipime mafanikio kwa idadi ya waliobadili msimamo. Desemba 1994, wanawake wawili waliuawa kwa risasi katika kliniki za utoaji mimba huko Brookline, Marekani. Baada ya hapo, viongozi sita wanawake, watatu wanaotetea haki ya kutoa mimba na watatu wanaoipinga, walikutana kwa siri kwa karibu miaka sita. Hata jina la kukiita kilicho tumboni liliwagombanisha. Walipojitokeza hadharani mwaka 2001, hakuna aliyekuwa amehama kambi. Ila walikuwa wameacha kuitana majina ya kuchochea chuki, na katika mji ambako watu walikuwa wameuawa, kwangu hilo si dogo.

Jambo la mwisho kwa mpangilio ndilo la kwanza kufanya: nenda kwa mwenye mamlaka ukamwombe aandike atayafanyia nini mapendekezo ya washiriki, na atajibu lini. Ufaransa iliwaita raia 150 kujadili tabianchi mwaka 2019, rais akaahidi kuyapeleka mapendekezo yao mbele bila kuyachuja. Mengi yalipunguzwa au kuachwa. Mwaka 2021 raia wale waliipa serikali alama chini ya 4 kwa 10 kwa jinsi ilivyoyatendea.

Mwenye mamlaka akikataa kuandika, mimi ukumbi siukodi.