Kabla ya Kumwona Daktari Kuhusu Kukoroma

Anayekoroma ni shahidi mbovu wa kesi yake mwenyewe. Yeye amelala, wanaosikia ni wengine. Ndiyo maana wengi hufika kwa daktari wakiwa na sentensi moja tu, "mke wangu analalamika," na daktari akiuliza la pili hawana jibu. Ukitaka safari hiyo izae matunda, anza kukusanya ushahidi wiki moja au mbili kabla.

Kwanza ujue unatafuta nini. Tukilala, misuli ya koo hulegea na njia ya hewa hupungua upana. Hewa inayojipenyeza hapo hutikisa kaakaa laini na kilimi, na mtikisiko huo ndio mkoromo. Kwa watu wengi mambo huishia hapo, kero na si ugonjwa. Cha kuogopa ni ukimya unaoukatiza mkoromo. Njia ya hewa imeziba kabisa: kifua kinahangaika kupanda na kushuka lakini hakuna kinachoingia, oksijeni kwenye damu inashuka, hadi ubongo unashtuka na mtu anavuta pumzi kwa kishindo kama aliyekuwa akikabwa. Halafu anaendelea kulala, na asubuhi hakumbuki chochote. Madaktari huhesabu kila mkatiko wa sekunde 10 au zaidi, pamoja na nyakati ambazo pumzi inapungua sana bila kukatika. Matukio hayo yakifika 5 kwa saa, tayari wanaanza kuhesabu kuwa tatizo. Kuanzia 30 ni hali kali.

Kwa hiyo, mwombe unayelala naye asikuelezee ukubwa wa sauti bali hizo pumzi zinazokatika. Ukilala peke yako, washa simu irekodi sauti karibu na kitanda. Rekodi siku kadhaa, maana usiku mmoja hudanganya: mafua, pombe ya jioni au kulala chali (ulimi hurudi nyuma) vyote huzidisha mkoromo. Andika pembeni ulilalaje na ulikunywa nini.

Kisha utazame mchana wako, na hapa uwe mkweli, kwa kuwa watu wana aibu ya kukiri kwamba husinzia. Huulizwi kama umechoka, nani hajachoka? Utaulizwa kama unapitiwa na usingizi ukisoma, ukitazama televisheni, ukiwa abiria, ukiongea na mtu. Ongeza kama unaamka na kichwa kinachouma au kinywa kikavu, na unaamka mara ngapi kwenda haja ndogo. Hilo la mwisho huwashangaza watu. Juhudi za kuvuta hewa kupitia koo lililoziba huvuta pia kuta za moyo, na moyo uliovutwa hutoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze mkojo zaidi. Wapo wanaume wanaoilaumu tezi dume miaka nenda rudi kumbe shida iko kooni.

Pima shinikizo la damu, hasa kama unatumia dawa zaidi ya moja na bado halishuki. Kuziba kwa pumzi usiku ni mojawapo ya sababu zinazosahaulika. Kwa muda mrefu hali hii huambatana pia na kiharusi, mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na kisukari. Pima na shingo kwa utepe wa fundi cherehani: ikizidi takriban sentimita 40, mtajie daktari. Lakini wembamba usikupe kinga ya bure, kwani taya dogo lililorudi nyuma hufanya kazi ileile, na wanawake waliokoma hedhi huongezeka hatari hata kama hawakuwahi kukoroma ujanani.

Beba orodha ya dawa zote. Za usingizi na za maumivu makali zinaweza kuzidisha mambo. Na kama unasubiri upasuaji, mwambie mtaalamu wa nusukaputi kwamba unakoroma na pumzi hukatika, hata asipouliza.

Vibandiko vya pua na dawa za kupulizia usizikimbilie kwanza. Vinaweza kumsaidia ambaye tatizo lake liko puani. Koo linaloziba havilifunui.

Mtoto anayekoroma karibu kila usiku ni habari nyingine. Mara nyingi ni mafindofindo makubwa, na badala ya kusinzia mchana anaweza kuwa mtundu asiyetulia darasani. Mpeleke bila kungoja akue.

Kama unasinzia kwenye usukani, acha kuendesha gari tangu leo, usisubiri kipimo.

Kipimo chenyewe hufanyika usiku kucha, hospitalini au nyumbani kwa kifaa kidogo utakachopewa. Hospitalini utabandikwa nyaya kichwani na kifuani, na kidole kitabanwa kupima oksijeni. Siku hiyo osha nywele na usizipake mafuta, ondoa rangi ya kucha, usilale mchana, na usinywe kahawa baada ya saa sita mchana wala pombe jioni. Dawa zako meza kama kawaida isipokuwa umeambiwa vingine. Ukilala hospitalini, chukua mto wako. Usingizi ugenini ni mgumu, ila hata saa chache za usingizi mbovu huweza kutosha kuonyesha kinachotafutwa.