SOMO: Kuchonga propela ya mbao ya ndege ndogo, kuanzia hesabu hadi kufunga bolti

Habari za kazi wanakikundi. Wengi mliomba masomo yetu ya kujenga ndege yaanze na mabawa. Nimeanza na propela kwa makusudi, kwa sababu yote yatakayokuja mbele yamo humo: umbo la bawa, uchaguzi wa mbao, gundi, usalama, tena katika kipande kinachoenea juu ya benchi moja la seremala. Mikono ya kuchonga huku Mtwara haijawahi kuadimika. Mchongaji wa Kimakonde anatoa sura ya mtu kwenye gogo la mpingo bila kuchora hata mstari. Propela inataka nidhamu nyingine: mapanga yake mawili, yaani mikono inayokata hewa, yafanane hadi milimita, na hapo jicho peke yake halitoshi.

Propela ni bawa linalozunguka. Orville na Wilbur Wright walilishika jambo hilo walipoandaa ndege yao ya 1903. Propela zao zilikuwa na kipenyo cha takriban mita 2.6, zilichongwa kwa zana za mkono, na ziligeuza karibu robo tatu ya nguvu ya injini kuwa msukumo. Zana hizo hazizidi za fundi majahazi wa Mikindani. Kilichowatofautisha na wenzao ni hesabu walizofanya kabla ya kushika shoka.

Hatua ya kwanza: namba. Tuchukue injini ya Volkswagen ya zamani ya sisi (cc) 1600, ile inayopozwa kwa hewa, ambayo watengeneza ndege wa nyumbani wameitumia miaka mingi. Tuseme inazunguka mara 3,200 kwa dakika, na propela ina kipenyo cha mita 1.40. Ncha ya panga ndiyo inayokimbia kuliko sehemu nyingine zote. Ikikaribia kasi ya sauti, ambayo ni kama mita 340 kwa sekunde, kelele inapanda na msukumo unashuka. Kwa mbao mimi sivuki mita 250. Zidisha 3.14 kwa 1.40, kisha kwa mizunguko ya sekunde moja, yaani 53.3. Unapata kama mita 235. Hapo tuko salama.

Sasa pichi, yaani umbali ambao propela ingesogea mbele kwa mzunguko mmoja kama ingepita kwenye kitu kigumu. Ndege ikienda kilomita 140 kwa saa, inasogea sentimita 73 kila propela inapozunguka mara moja. Lakini panga lazima liikabili hewa kwa pembe kidogo ndipo livute, kwa hiyo tunaongeza. Tuanze na sentimita 90.

Hatua ya pili: pembe. Hapa ndipo wengi wanapoogopa, na hakuna cha kuogopa. Panga halina pembe moja. Karibu na kitovu, yaani sehemu ya katikati inayofungwa kwenye injini, mbao inazunguka polepole, kwa hiyo pembe ni kali. Kwenye ncha inakimbia, na pembe inalala. Gawa pichi kwa 6.28, unapata sentimita 14.3. Tandika plaiwudi, piga mstari mlalo, na mwanzoni mwake simamisha mstari wima wa sentimita 14.3. Kwenye mlalo weka alama kwenye sentimita 20, 35, 50 na 65, yaani umbali kutoka katikati ya propela. Kila alama iunge na kilele cha mstari wima. Pembe iliyo kwenye alama ndiyo pembe ya panga mahali hapo. Ukipima utakuta takriban digrii 35.6, 22.3, 16 na 12.4. Mchoro huu utundike ukutani karakana yako. Kazi yote inarudi kwake.

Hatua ya tatu: mbao na gundi. Nitakaa hapa kidogo, maana pwani yetu ina unyevu, na unyevu ndio adui mkubwa wa propela kuliko hata mawe ya uwanjani. Ulaya na Marekani wanatumia bechi, mepo na mahogani. Sisi tunayo mninga, mti unaosifika kwa kutocheza sana unapokauka. Tafuta ubao wenye nyuzi zilizonyooka: zikipinda zaidi ya sentimita 1 kwa kila 15 za urefu, uweke kando utengenezee kiti. Usiwe na kifundo wala ufa. Nunua palipo na risiti na kibali cha misitu. Mvule mimi siupendi kwa kazi hii, kwani nyuzi zake zinapishana na mara nyingine una chembe ngumu kama jiwe zinazoua makali ya randa.

Ubao ukauke hadi unyevu wa asilimia 8 hadi 12, halafu ukae karakana wiki kadhaa kabla ya kuukata. Andaa mbao tano za unene wa milimita 18, za kugandishwa moja juu ya nyingine, zilizopigwa randa siku hiyo hiyo, na uzipange ili pete za ukuaji za ubao mmoja zielekee tofauti na za mwenzake. Hivyo mmoja ukitaka kupinda, mwingine unauzuia. Gundi iwe epoksi au resosinoli. Gundi nyeupe ya makabati hapana kabisa: ikipata joto na mzigo wa kudumu inateleza kidogo kidogo. Ukitumia epoksi usikaze klampu kupita kiasi, utaikamua yote nje.

Hatua ya nne: kuchonga. Toboa kwanza tundu la katikati na matundu ya bolti, wakati kipande bado kina pande zilizonyooka, kwani vipimo vyote vinaanzia hapo. Hakikisha injini yako inazungukia upande gani. Ukikosea hapo, umechonga kuni. Anza na uso bapa, ule unaomtazama rubani. Punguza kwa randa na tezo, uangalie pembe kwenye kila alama. Ukikamilika ndipo ugeuze uchonge mgongo wa mviringo, kwa vigezo vya plaiwudi, yaani vipande vilivyokatwa kwa umbo la mgongo kwenye kila alama. Kigezo cha sentimita 50 kitumike kwenye mapanga yote mawili, kisikatwe kingine. Bakiza milimita 1 ya msasa.

Hatua ya tano: mizani. Pitisha fimbo laini ya chuma kwenye tundu, uilaze juu ya kingo mbili zilizopimwa kwa pimamaji, ndani ya chumba kisicho na upepo. Panga zito litashuka. Kama ni nene kuliko mwenzake, piga msasa. Kama vipimo ni sawa, ongeza vanishi kwenye ncha ya lile jepesi. Kisha isimamishe wima. Ikiangukia upande mmoja, kitovu ndicho kizito upande huo.

Kufunga ni kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, na sahani ya chuma mbele ya kitovu. Propela ya mbao haisukumwi na bolti. Inasukumwa na msuguano wa kitovu dhidi ya flanji, ile sahani ya injini inayoegemewa na propela. Bolti zikilegea kitovu kinasugua, kinaungua, na ukikifungua utakikuta cheusi. Angalia bolti baada ya mruko wa kwanza, na kila masika na kiangazi vinapopokezana.

MASWALI YA WANACHAMA

*Seremala, Masasi:* Shikamoo fundi. Mpingo ni mgumu kuliko miti yote. Kwa nini tusiutumie?

Marahaba. Ni mgumu kweli, lakini unazama majini. Panga likizunguka linajivuta kutoka kwenye kitovu, na uzito ukiwa mara mbili, mvuto huo nao ni mara mbili. Tena una mafuta ya asili, gundi haushiki vizuri.

*Mvuvi, Lindi:* Majahazi yetu tunayapaka sifa, yale mafuta ya papa, na yanadumu. Propela je?

Hapana kaka. Mafuta yanaingia kwenye kitovu, na kitovu kinaishi kwa msuguano. Tumia vanishi ya poliyurethani, na ndege ikiegeshwa acha propela imelala. Ikisimama wima unyevu unajikusanya panga la chini na mizani inapotea.

*Fundi pikipiki, Newala:* Injini ya bodaboda ya sisi 125 itafaa?

Kumbeba mtu, nguvu haitoshi. Pia inazunguka kama mara 8,000. Propela yetu ikifungwa moja kwa moja hapo, ncha ingepita mita 580 kwa sekunde, juu ya kasi ya sauti. Lazima upunguze kwa mkanda au gia. Kwa majaribio ya chini, propela ndogo na mkanda, ni injini nzuri ya kujifunzia.

*Mwalimu wa fizikia, Nachingwea:* Tukimaliza na wanafunzi, tunaruhusiwa kurusha?

Kurusha kunataka idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na ndege ya Tanzania husajiliwa kwa herufi zinazoanza na 5H. Waandikie kabla hamjajenga bawa, si baada. Kwa sasa fungeni propela kwenye stendi iliyochimbiwa ardhini, na mtu yeyote asisimame kwenye mstari wa mzunguko wake, kushoto wala kulia. Kipande kikikatika huruka upande huo. Anayewasha awe nyuma, na swichi ya kuzima iwe mkononi mwake.